Kibanda cha mbao Minnesota kaskazini: jibu kwa mama wa watoto watatu

Dada, umesema mnatoka Minneapolis mwezi Julai kwenda kulala kwenye kibanda cha mbao kaskazini, watoto watatu, hamjawahi kulala msituni, na mume anaogopa dubu. Dubu ndiye wa mwisho kukusumbua. Mbu ndio wenyeji wa kule!

Mngeanzia Bear Head Lake, hifadhi ya jimbo karibu na mji wa Ely, mwendo wa saa nne hivi kwa gari. Vibanda vyake vina vitanda na magodoro, lakini shuka, mablanketi na sufuria mnabeba wenyewe. Kupika ni nje, na choo pia kiko nje, kwa hiyo tochi moja kwa kila mtu. Sisi tulikwenda na moja. Usiku ule sitausahau. Weka nafasi mapema sana, maana wikiendi za Julai huisha haraka.

Kuni msibebe kutoka nyumbani. Nunueni hukohuko zilizoidhinishwa, kwa sababu wadudu wanaoua miti iitwayo "ash" husafiri ndani yake. Chakula chote kifungieni garini usiku, hata dawa ya meno. Hapo mume atalala.

Ziwani, mtoto aliye chini ya miaka 10 lazima avae jaketi la kujiokolea mtumbwi ukiwa majini. Nawe ukitaka kuvua samaki, uliza kwanza hifadhini kama unahitaji leseni.

Jioni wakagueni watoto kupe: nyuma ya masikio, kwapani, kiunoni. Ukimwona kupe, mng'oe kwa kibano, taratibu. Homa au duara jekundu likitokea hata wiki kadhaa baadaye, mpeleke mtoto kwa daktari na umwambie mlikokuwa.