Kiyoyozi cha mgeni, umeme wa mwenye nyumba

Kaskazi ikianza kuvuma, wenye nyumba za wageni huku pwani huniuliza zaidi habari za joto na umeme. Haya ni maswali ya wiki hii.

Swali: Wageni wangu hapa Paje wanatoka asubuhi kwenda baharini, wanarudi alasiri. Kiyoyozi kinawaka muda wote na mlango wa baraza u wazi. Niwaambieje bila kuwaudhi?

Jibu: Maneno peke yake hayatoshi. Kiyoyozi cha BTU 12,000 hula takriban yuniti moja kwa saa kompresa inapofanya kazi, na mlango ukiwa wazi kompresa haipumziki. Saa sita za baharini ni yuniti kama sita za Tukuza, umeme wa kulipia kabla wa huku Zanzibar, na chumbani hamna mtu! Mwite fundi umeme akufungie swichi ya kadi kama za hotelini: mgeni akichomoa kadi anapotoka, kiyoyozi kinazimika. Ipitie kwenye kontakta, yaani swichi ya umeme inayobeba mzigo mkubwa, maana swichi yenyewe huenda isihimili mzigo huo, na friji ibaki kwenye laini yake, vyakula visiharibike. Ukutani andika sentensi moja tu: "Tafadhali funga mlango kiyoyozi kikiwaka."

Swali: Mimi rimoti naitoa saa mbili usiku, asubuhi naichukua. Kuna ubaya? (Diani)

Jibu: Upo. Umetangaza chumba chenye kiyoyozi na mgeni amekilipia. Mwenye mtoto mchanga anayelala mchana utamwambia nini? Rudisha rimoti leo.

Swali: Nitoze umeme mbali na kodi?

Jibu: Kwa mgeni wa siku mbili tatu, hapana, uingize kwenye bei. Wa mwezi, sawa, ila ajue kabla hajalipa. Weka mita ndogo, muisome pamoja anapoingia na anapotoka, na yuniti umuuzie kwa bei uliyonunulia.

Swali: Wanaweka nyuzi 16 na bado wanalalamika joto. (Nyali)

Jibu: Hapo simlaumu mgeni. Ni kweli, kwa kiyoyozi cha kawaida 16 haipozi upesi kuliko 24. Lakini kwanza fungua kichujio utazame vumbi. Kioshwe kila mwezi. Kisha kagua mashine ya nje, kwani chumvi ya bahari hula mapezi yake, vile vibati vyembamba vya kutolea joto. Isuuzwe kwa maji baridi, yasiwe ya kisima chenye chumvi. Ukiongeza feni ya dari, wengi watalala vizuri kwa 25.