Kabla ya kugombania tiramisu, tuitazame krimu

Mmeuliza wiki hii kuhusu tiramisu, kitindamlo cha Kiitaliano cha biskuti, krimu na kahawa: “Tiramisu ni ya Treviso, mji wa mkoa wa Veneto, au ya Friuli, mkoa jirani?” Mimi linalonikera ni jingine: siku hizi keki yoyote yenye krimu na kahawa inaitwa tiramisu.

Ugomvi wenyewe naukumbuka vizuri. Mwaka 2017 wizara ya kilimo ya Italia iliiingiza tiramisu kwenye orodha ya vyakula vya jadi vya Friuli Venezia Giulia, na Luca Zaia, gavana wa Veneto wakati huo, akaja juu. Friuli walitaja hoteli ya Tolmezzo iliyodai kuiandaa tangu miaka ya 1950, na kijiji cha Pieris, ilikotolewa kwenye bilauri. Treviso wakashikilia Le Beccherie, mgahawa uliokuwa wa familia ya Campeol, ulioitangaza miaka ya 1970.

Vipimo vya Treviso ndivyo hivi: maskapone (jibini laini la krimu) kilo 1, viini vya mayai 12, sukari nusu kilo, savoiardi (biskuti ndefu nyepesi) 60, kahawa chungu, kakao. Hakuna ute wa yai, hakuna krimu ya kupiga, wala hakuna pombe. Waislamu wanaoikwepa kwa sababu ya ramu wajue kwamba ramu iliongezwa baadaye. Kwa nyumbani gawanya kwa nne.

Wengi huharibu kwenye krimu. Viini na sukari vipigwe juu ya mvuke, bakuli lisiguse maji, mpaka nyuzi 70 hivi, kisha vipoe kabisa. Vikiwa vya moto huyeyusha mafuta ya maskapone, na krimu inakuwa uji. Maskapone nayo ichanganywe kwa mwiko. Ukiendelea kuipiga kwa mashine mafuta hujitenga na maji, utaona chembechembe, na hapo hairudi. Kahawa iwe imepoa, biskuti ichovywe na kutolewa papo hapo. Ikae kwenye friji kwa muda wa saa 6 au zaidi, kakao ichungwe wakati wa kuandaa mezani.

Nilidhamiria kusema yenye ute si tiramisu. Lakini Waitaliano wengi wenyewe huweka ute uliopigwa majumbani mwao, na siwezi kuwanyang'anya jina. Basi kwa vipimo kura yangu ni Treviso. Kwa umri wa madai, Friuli wasikilizwe. Hata ya ute naikubali, mradi mayai yawe ya kuaminika, maana ute huo haupikwi, na iliwe ndani ya siku moja, kwani ute huachia maji chini ya bakuli.