Kabla Hujatengeneza Chipu ya Gemu la Zamani, Hakikisha Imekufa

Wengi mnaoingia kwenye ufundi huu hapa Dar mna haraka: bodi ya gemu la miaka ya themanini haiwaki, basi chipu maalumu, ile iliyoundwa kwa ajili ya gemu hilo na haiuzwi dukani, imekufa, tutengeneze nyingine. Taratibu jamani. Joto la jiji hili, unyevu na chumvi ya bahari hula soketi mapema sana. Chomoa chipu, safisha miguu yake kwa spiriti, badilisha soketi yenye kutu, halafu pima volti 5 kwenye miguu ya chipu yenyewe, siyo kwenye pawa saplai. Bodi kadhaa nilizoletewa Kariakoo kwa kilio cha "chipu imeungua" zilipona hapo hapo, mwenye mali akalipia soketi tu.

Ikiwa imekufa kweli, jua ni ya ukoo gani. Zipo ambazo ndani ni mantiki tupu, yaani saketi za kidijitali zisizo na programu. Pac-Man ya 1980 inazo mbili. Mojawapo inapanga zamu kati ya Z80, prosesa ya gemu, na saketi za picha, zisigombanie kumbukumbu. Baadhi ya bodi za Midway, waliouza gemu hilo Marekani, zilifungwa bodi ndogo za chipu za kawaida za mantiki za familia ya 74 mahali pa hizo mbili. Anzeni na ukoo huu.

Ukoo wa pili una programu ndani. Galaga ya 1981, mbali na Z80 zake tatu, ina 54XX ya Namco, kampuni iliyounda gemu hilo, ambayo kimsingi ni kompyuta ndogo ya biti 4 ya Fujitsu. Ikifa, gemu linachezeka kama kawaida ila milipuko haina sauti. Hiyo huwezi kuibuni kwa kupima miguu. Lazima upate programu iliyomo. Kuna wanaoyeyusha gamba la chipu kwa asidi ya nitriki ili wapige picha silikoni. Kwenye chumba cha kupanga Sinza, sahau kabisa.

Kwa mantiki tupu, wengi hutumia XC9572XL, chipu tupu ambayo unaipangia mantiki mwenyewe kwa kompyuta. Yenyewe inakula volti 3.3, na miguu yake inavumilia volti 5 zinazoingia. Shida iko kwenye kutoa, maana haizidi hizo 3.3. Chipu ya 74LS, aina mojawapo ya familia ya 74, inahesabu volti 2 kwenda juu kuwa ni ishara ya 1, kwa hiyo mtaelewana. Ya 74HC inayolishwa volti 5 inataka 3.5, hapo utapata bodi inayofanya kazi asubuhi na kugoma mchana, nawe utalaumu mantiki uliyoandika bure. Soma namba ya kila chipu inayopokea kabla ya kuchora chochote.

Mwisho, miguu ya bodi ndogo utakayotengeneza kuziba nafasi ya chipu. Pini za mraba za dukani ni nene, zinatanua soketi ya zamani, na siku mteja akitaka kurudisha chipu yake halisi haitashika tena. Agiza pini nyembamba za duara. Ni ghali kidogo. Mweleze mteja mapema, ziingie kwenye bei.