Nichapishe wapi hadithi zangu mtandaoni?

Maswali ya wasomaji

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, jambo sana. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika komuni ya Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo. Kwa miaka 4 nimekuwa nikiandika hadithi za Kiswahili kuhusu familia zilizotoka vijijini kuja mjini kutafuta kazi ya mgodini. Nilikuwa nikizituma sehemu kwa sehemu katika kikundi cha WhatsApp, kisha ninaziweka kwenye ukurasa wangu wa Facebook. Mwezi uliopita niliibiwa simu sokoni, na siku chache baadaye mtu nisiyemjua akabadilisha neno la siri la Facebook. Hadithi 31 zimebaki huko. Ninaziona kupitia simu ya mdogo wangu lakini siwezi kusahihisha hata herufi moja, na zile za WhatsApp zimepotea. Sasa kila mtu ana shauri lake: huyu ananiambia niende Wattpad, yule ananiambia nifungue blogu, na kijana mmoja wa mtaani ameahidi kunitengenezea tovuti kwa dola 150. Sina kadi ya benki, ninanunua mega (vifurushi vya intaneti) za wiki kwa wiki, na ninaandikia kwenye simu. Nichague wapi? (Mwalimu, Katuba)

JIBU: Dada Mwalimu, pole kwa simu, na pole zaidi kwa hadithi. Kabla hatujazungumzia mahali papya, kuna kazi ambayo haifai kungoja hata kesho. Keti na simu ya mdogo wako, ufungue hadithi moja baada ya nyingine, unakili maneno yote na kuyatuma kwenye barua pepe mpya ambayo neno lake la siri unalijua wewe peke yako. Mtu aliyeshika ukurasa wako anaweza kuufuta wakati wowote, na akiufuta hutakuwa na pa kuziona tena. Waombe pia wasomaji wa kikundi wakurudishie sehemu walizonazo. Wengi wetu hatufuti ujumbe tunaoupenda. Ukiwa umepata tena laini yenye namba ileile kutoka kwa kampuni yako ya simu, na ikiwa uliwahi kuiruhusu WhatsApp kuhifadhi nakala katika akaunti ya Google, huenda ujumbe wa zamani ukarudi pale utakapoifungua upya kwa akaunti hiyohiyo. Na kwa ukurasa wenyewe, Facebook ina anwani maalumu ya watu walioporwa akaunti, facebook.com/hacked, ambayo ni vizuri uifungue kwa simu uliyowahi kuitumia kuingia katika akaunti hiyo.

Sasa tuje kwenye swali lako. Ninavyoona, Facebook na WhatsApp hazikuwa chaguo baya. Ulizipa kazi mbili, nazo zinaweza moja tu. Kuna kutangaza maandishi, na kuna kuyatunza. Kwa kutangaza, hakuna kinachozishinda hapa kwetu, kwa kuwa wasomaji wako wengi hununua kifurushi cha bei nafuu kinachofungua mitandao ya kijamii peke yake, na kiungo cha tovuti ya nje hakifunguki kwao hata wakitaka. Ukiondoka kabisa katika kikundi chako utawapoteza watu hao, nao ndio waliokupenda kwanza. Kwa hiyo endelea kuwatumia hadithi nzima, maneno yenyewe, wala si kiungo pekee. Lakini kutunza ni jambo jingine. Ujumbe wa WhatsApp hauna anwani ambayo mgeni anaweza kuitafuta, na ukurasa wa Facebook mara nyingi humdai msomaji awe na akaunti kabla ya kumwonyesha maandishi yote, tena hadithi ya mwaka juzi huzama chini ya mambo ya leo hata mwenyewe ukashindwa kuiona. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa miaka 4 umeweka mali nyingi mahali pasipo daftari.

Mahali pa kutunzia ninapapima kwa maswali machache, nami nakuomba umuulize maswali hayo kila anayekupa ushauri. Je, mtu wa Likasi, au wa Kigoma, anaweza kufungua hadithi yako bila kuandikishwa popote? Je, siku ukitaka kuhama, unaweza kuchukua kila kitu kwa pamoja, katika faili moja ambalo mahali pengine patalipokea? Na ufunguo anao nani? Swali la mwisho ndilo ambalo watu hulisahau mpaka yawakute, na ndilo lililokukuta wewe.

Swali la kuhama huenda likaonekana la mbali, lakini wenzetu wa rika fulani wanalijua. Wakati sibere, yaani vibanda vya intaneti, zilipokuwa zimejaa vijana, wengi waliosoma kwa Kifaransa walikuwa na kurasa zao kwenye Skyblog, huduma ya redio ya Ufaransa iitwayo Skyrock iliyoanza mwaka 2002. Walikuwa na mashairi, picha, na salamu za wapenzi. Tarehe 21 Agosti 2023 huduma hiyo ilifungwa. Wenye kurasa walitangaziwa mapema na kupewa nafasi ya kuchukua vitu vyao, lakini mtu aliyesahau neno la siri au aliyepoteza barua pepe ya zamani angezichukua kwa njia gani? Kabla ya hapo, GeoCities ya Yahoo ilikuwa imefungwa mwaka 2009, na Google+ ikafungwa mwaka 2019. Ukubwa wa kampuni haukuzuia lolote. Ndiyo maana simuulizi mtu kama mahali fulani ni maarufu. Ninamuuliza mlango wa kutokea uko wapi.

Kwa hali uliyonieleza, yaani bila kadi ya benki, kwa simu, na kwa mega za wiki, zimebaki njia mbili za kweli, zote huduma za kufungulia blogu: Blogger na WordPress.com. Blogger ipo tangu mwaka 1999 na Google iliinunua mwaka 2003. Ni ya bure, ni rahisi, na akaunti ya Google tayari unayo ikiwa simu yako ni ya Android. WordPress.com nayo ina mpango wa bure, ambao huweka matangazo ya kampuni katika kurasa zako, jambo lisilonipendeza kwa sababu matangazo hula mega za msomaji. Hata hivyo, mimi ningechagua hiyo ya pili, na sababu yangu ni ile ya mlango. Programu ya WordPress, iliyotolewa mwaka 2003, ni programu huria: mtu yeyote anaweza kuiweka kwenye kompyuta yake ya kuhifadhia tovuti. Faili utakalolitoa WordPress.com linapokelewa na maelfu ya kampuni nyingine duniani, hata kama WordPress.com yenyewe itafungwa. Blogger pia hukuruhusu kutoa nakala ya kila kitu, kwa hiyo ukiichagua sitakulaumu. Ila ingia katika akaunti yako mara kwa mara, kwa maana Google ina kanuni kwamba akaunti isiyoguswa kwa miaka 2 inaweza kufutwa.

Wattpad ni mahali pazuri pa mtu anayetaka kuandika riwaya sura kwa sura na kupata maoni ya vijana. Lakini ni soko la watu wengine, lenye mpangilio wao, nayo iliuzwa kwa kampuni ya Naver ya Korea Kusini mwaka 2021. Peleka hadithi moja huko ukipenda, ujaribu. Kuhusu Substack, huduma ya kutumia wasomaji maandishi kwa barua pepe, ambayo sasa inasifiwa kuwa inawalipa waandishi, malipo yake hupitia kampuni ya Stripe, na Stripe haifungui akaunti kwa watu wa Kongo. Usihamie huko kwa kutumaini dola.

Nimebakiza yule kijana wa dola 150, na hapa naomba unisikilize kama dada anavyomsikiliza kaka yake. Miaka kadhaa iliyopita mimi na wenzangu wanne tulikuwa na tovuti ya makala za Kiswahili. Hatukuwa na kadi, kwa hiyo fundi mmoja alitulipia jina la tovuti kwa kadi yake na kuliandikisha kwa jina lake na barua pepe yake. Hakuwa mtu mbaya. Alifanya kazi safi, akatuonyesha namna ya kuweka picha, kisha akapata kazi nje ya nchi. Mwaka ulipokwisha, taarifa ya kulipia upya ilikwenda kwenye barua pepe ambayo hakuifungua tena, jina likaachwa, na wiki chache baadaye mtu wa mbali akalinunua na kuweka matangazo ya michezo ya kamari mahali palipokuwa na makala zetu. Tulikuwa na ushahidi wa kila namna kwamba makala ni zetu, lakini jina halikuwa letu hata siku moja. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na sisi tulimtegemea kwa jambo ambalo lingetuchukua nusu saa kulirekebisha.

Kwa hiyo, siku ukiwa tayari kuwa na jina lako mwenyewe, liwe la .com au la .cd ambalo ndilo la nchi yetu, mlipe fundi kwa kazi yake, lakini jina liandikwe kwako, kwa barua pepe yako, mbele ya macho yako, na neno la siri ulibadilishe kabla hajanyanyuka kitini. Muulize pia itakulazimu kulipa kiasi gani mwaka wa pili, maana jina na mahali pa kuhifadhia hulipiwa kila mwaka, na dola 150 za leo hazilipii kesho. Kwa sasa sioni kwa nini uziharakishe. Anza na ya bure.

Ukiisha kuweka hadithi ya kwanza, fanya jambo moja ambalo halina gharama. Shirika la Internet Archive la San Francisco, lililoanzishwa mwaka 1996, huhifadhi nakala za kurasa za wazi za dunia nzima. Nenda kwenye web.archive.org, bandika anwani ya hadithi yako katika sehemu ya kuhifadhi, nayo itawekewa nakala yenye tarehe. Ukurasa unaodai akaunti hauwezi kuhifadhiwa vizuri hivyo. Na uwe na nakala ya karatasi. Wakati intaneti ilipokatwa nchini kote kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, tulikaa karibu siku 20 bila mtandao, na siku hizo aliyekuwa na daftari alikuwa na hadithi zake.

Unapojiuliza kama yote haya yanafaa kwa hadithi za Katuba, fikiria maandishi ya André Yav. Mwaka 1965, mji huu ukiwa bado unaitwa Elisabethville, aliandika kwa Kiswahili cha hapa historia ya mji kama ilivyoonwa na wafanyakazi, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani. Zilikuwa kurasa za taipureta. Nakala moja ilimfikia Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyefundisha hapa Lubumbashi miaka ya 1970, ikachapishwa mwaka 1990 pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na baadaye ikawekwa mtandaoni mahali pa wazi, ambapo mtu yeyote anaisoma bila neno la siri. Leo wanafunzi wa nchi za mbali wanamsoma mtu wa hapa kwetu kwa maneno yake mwenyewe. Ingekuwaje kama karatasi zile zingebaki katika sanduku moja?

SWALI: Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na ninaandika mashairi. Nikiyaweka mtandaoni, je, hayaibiwi? Na je, ninapoteza haki zangu kwa ile kampuni yenye tovuti? (Mwanafunzi, Kampemba)

JIBU: Ndugu mwanafunzi, haki unazipata pale unapoliandika shairi, bila kuandikisha popote. Nchi yetu imo katika Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa haki za watunzi, tangu mwaka 1963, na sheria yetu ya tarehe 5 Aprili 1986 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kampuni kama Facebook haichukui umiliki. Katika masharti yake unaipa ruhusa ya kutumia na kuonyesha ulichoweka, bila malipo, ruhusa ambayo kwa kawaida hukoma unapokifuta. Masharti ya kila mahali yasome, hasa mashindano madogo yasiyojulikana yanayoomba haki zote za kazi utakayotuma. Hayo yakimbie.

Wizi upo, siwezi kukudanganya. Kinga yako ni tarehe: shairi lililo kwenye ukurasa wa wazi, lenye jina lako na nakala katika Internet Archive, linakupa ushahidi ambao ujumbe wa WhatsApp uliopita mikononi mwa watu 300 bila jina hauwezi kukupa. Andika jina lako ndani ya shairi lenyewe, chini ya ubeti wa mwisho, kwa kuwa watu wakinakili huacha kichwa cha ukurasa.

Lakini ninakuonya kwa jambo ambalo hukuliuliza. Ikiwa unatazamia tuzo, kama ile ya Safal ya fasihi ya Kiswahili iliyoanza mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, soma kwanza kanuni zake kuhusu kazi zilizokwisha kuchapishwa, kwa sababu mashindano mengi na wachapishaji wengi huhesabu shairi lililo wazi mtandaoni kuwa limechapishwa. Weka hadharani mashairi 10 yatakayokutambulisha kwa wasomaji, na yale ya diwani yako yabaki katika barua pepe yako na katika daftari lako mpaka uwe umetuma.