Risoto ya Uyoga Haihitaji Krimu

Maswali ya risoto ya uyoga, ule wali laini wa Kiitaliano unaopikwa kwa supu, yamejaa mwezi huu, na karibu yote yanarudi kwenye jambo moja: ulaini wake unatoka wapi.

Swali: Natia pakiti nzima ya krimu lakini risoto yangu haina ule ulaini wa hotelini. Niongeze? (Msomaji, Mombasa)

Jibu: Usitie hata kijiko. Ulaini ni wanga wa mchele wenyewe. Aina za mchele wa risoto, yaani Arborio, Carnaroli na Vialone Nano, zinazolimwa kaskazini mwa Italia kwenye bonde la mto Po, ni punje fupi nene zenye wanga mwingi. Ukizikoroga ndani ya supu ya moto, wanga wa juu unatoka na supu inakuwa nzito. Krimu inafunika ladha ya uyoga na kuficha makosa ya mpishi, basi. Kinachomalizia ni siagi baridi na jibini la Parmesan lililokunwa laini, vitiwe sufuria ikishaepuliwa, kisha ukoroge kwa nguvu kama dakika moja. Ukivitia moto ungali mkali, mafuta yanajitenga na jibini linavutika nyuzi. Ikimwagwa kwenye sahani, risoto itambae yenyewe. Ikisimama kama ugali, ongeza supu kidogo.

Swali: Mchele nauosha mara ngapi?

Jibu: Hauoshwi! Nimeshalijibu hili mara nyingi mno. Najua tumelelewa kuosha mchele mpaka maji yawe meupe pe, na kwa pilau ni sawa kabisa. Hapa unamwaga wanga uleule ambao baadaye unakwenda kuununua dukani kwa jina la krimu.

Swali: Mchele wa Kyela au pishori ya Mwea vinafaa?

Jibu: Hapana. Hiyo ni michele ya kunukia na kuchambuka. Ipikie wali na uiheshimu. Ukikosa Arborio, tafuta mchele wa sushi, au ule mfupi wa Misri ambao wasomaji wa Muscat na Dubai wanaupata kwa urahisi.

Swali: Uyoga wangu unatoa maji na risoto inakuwa ya kijivu. Nakosea wapi?

Jibu: Umeuchemsha, hukuukaanga. Chukua kikaango kipana, moto mkali, mafuta kidogo, na utie uyoga kwa mafungu ili usirundikane. Usiukoroge mpaka upande wa chini uwe kahawia. Chumvi ije mwishoni, kwa sababu inavuta maji. Uyoga mamama uchane kwa mkono. Ule mweupe wa duara ukate vipande vinene. Uweke pembeni, nusu uingie wali ukikaribia kuiva na nusu uwe wa juu. Ukipata porcini zilizokaushwa, uyoga wa Kiitaliano wenye ladha kali, gramu 20 zinatosha: loweka kwenye maji ya vuguvugu nusu saa, chuja maji kwa kitambaa kwa sababu ya mchanga, na uyatie kwenye supu. Hapo ndipo ladha nzito ilipo.

Hukuniuliza, lakini nakuambia: usiokote uyoga wa porini usioujua. Sumu ya uyoga uitwao Amanita phalloides haiondoki kwa kupikwa, na dalili huchelewa saa 6 au zaidi, wakati ini limeshaanza kudhurika. Habari za kuupima kwa kuutumbukizia kijiko cha fedha, au kuangalia kama wadudu wameula, ni uongo unaoua watu.

Swali: Sinywi pombe. Divai ni lazima?

Jibu: Si lazima, iache. Na anayekuambia pombe yote huruka jikoni anakudanganya. Sehemu yake hubaki. Matone ya limau mwishoni yanatosha kuleta uchachu. Wasiokula nyama nao wajue kwamba Parmigiano Reggiano, yaani Parmesan halisi, hugandishwa kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama.

Swali: Lazima nikoroge bila kupumzika?

Jibu: Hapana, mara kwa mara inatosha. Lililo la lazima ni supu iwe ya moto jiko la pili, kwani supu baridi inakatiza uivaji kila unapomimina. Kwa watu 4 weka gramu 320 za mchele na supu kama lita 1.25. Lainisha kitunguu, kaanga mchele mkavu dakika 2 bila kuubadilisha rangi, kisha ongeza supu upawa kwa upawa, kama dakika 18. Kiini kibaki na ugumu kidogo. Ukitumia vidonge vya supu, punguza. Vina chumvi kali, na Parmesan ina yake.

Swali: Nipike mchana, nipashie wageni jioni?

Jibu: Wageni ndio wanaoisubiri risoto. Ikilala inakuwa bokoboko. Kilichobaki kitie friji mapema, kisiachwe kilale mezani: mbegu za bakteria waitwao Bacillus cereus huhimili kupikwa, na bakteria hao huzaana kwenye wali uliopoa nje. Kesho yake kibandike kwenye kikaango chenye siagi, kiwe chapati nyembamba iliyokauka pande zote mbili, kama wanavyofanya Milano.