Cron Haikunidanganya, Mimi Ndiye Sikuangalia

Juzi msomaji mmoja ameniandikia: "Kaka, skripti yangu nikiiendesha kwa mkono inafanya kazi vizuri. Nikiiweka kwenye cron, kimya. Hata kosa haitoi." (Cron ni programu ya seva inayoendesha amri zako kwa ratiba uliyoipanga.) Nimeusoma ujumbe ule mara mbili. Maneno hayohayo niliyasema mimi miaka sita iliyopita, mbele ya mteja aliyekuwa amepoteza data yake.

Nilikuwa nimekabidhiwa seva, na kazi ya kwanza ilikuwa bakapu, yaani nakala ya akiba ya data, ya kila usiku. Nikafungua crontab, yaani orodha ya ratiba za cron, kwa `crontab -e`, nikaandika mstari mmoja:

`30 2 * * * tar czf /bakapu/data-$(date +%F).tar.gz /data`

Yaani funga `/data` yote kwenye faili moja lenye tarehe ya siku katika jina lake. Dakika ya 30, saa 2 ya seva, yaani saa nane na nusu usiku kwa saa zetu. (Hapo penyewe wengi hujikwaa. Seva inaanza kuhesabu saa sita usiku, sisi usiku wetu unaanza jua likizama. Ukiandika 8 huku unawaza saa nane usiku, kazi itaanza saa mbili asubuhi, watu wote wameshaingia kwenye mfumo.) Amri yenyewe nilikuwa nimeijaribu kwenye terminali. Faili likatokea, nikalifungua, kila kitu kimo. Nikalala usingizi mnono.

Siku 41 baadaye diski ikafa. Nikaingia kwenye `/bakapu` kifua mbele, nikaandika `ls`. Faili moja tu. Lile nililolitengeneza kwa mkono siku ya majaribio.

Kilichoniponza ni alama ya asilimia. Ndani ya crontab, `%` hugeuzwa kuwa mstari mpya, na chochote kinachofuata hulishwa kwenye amri kana kwamba mtu anakichapa. Amri yangu ilikuwa ikikatwa palepale kwenye `date +`, mabano hayajafungwa, shell (programu inayosoma na kutekeleza amri) inaikataa. Kila usiku. Dawa yake ni mkwaju mmoja wa nyuma, `\%`, na jambo hilo limeandikwa waziwazi kwenye mwongozo wake, `man 5 crontab`. Cron ya Paul Vixie, ambayo Linux nyingi zimeirithi, ni ya mwaka 1987. Nilikuwa na muda wa kutosha kusoma.

Wala cron haikunificha. Kazi ikitoa maandishi yoyote, yakiwemo makosa, humtumia mwenye crontab kwa barua pepe. Seva ile haikuwa na programu ya kutuma barua, kwa hiyo kosa likatupwa, na logi ya mfumo (daftari la matukio ya seva) ikaandika kila usiku kwamba matokeo yametupwa. Niliikuta mistari hiyo yote imejipanga, tarehe kwa tarehe.

"Sasa siku zote hizi tulikuwa tunakulipa kwa kazi gani?" mteja aliniuliza, vijana wake wote wanasikia. Sikuwa na jibu. Swali lile bado linaniuma.

Ndugu yangu unayesimamia seva na unayetaka watu wakuamini, angalia matokeo. Kuona mstari wako kwenye `crontab -l` hakutoshi, hiyo ni ratiba tu. Mwishoni mwa kila mstari weka `>> /var/log/bakapu.log 2>&1`, makosa yapate pa kuandikwa, kisha uisome hiyo logi. Andika njia kamili ya kila programu, maana PATH ya cron (orodha ya folda inamotafuta programu) ni fupi, mara nyingi `/usr/bin:/bin` tu, na cron haisomi `.bashrc` yako, faili la mipangilio ya terminali yako. Kazi inayoweza kuchelewa itangulizie `flock -n` ili ya pili isianze ya kwanza haijaisha. Halafu rudi uangalie matokeo. Fungua faili lenyewe, lirejeshe mahali pengine, uone data kwa macho yako. Mimi hufanya hivyo kila Ijumaa, na Ijumaa nisipopata nafasi silali bila kuifanya Jumamosi. Anayekukabidhi data yake amekukabidhi jasho lake.

Msomaji wangu alielekeza makosa kwenye logi kama nilivyomwambia. Usiku uleule mstari wa kwanza ukamwambia amri haikupatikana: programu yake ilikuwa kwenye `/usr/local/bin`, nje ya PATH ya cron. Ameandika njia kamili, na asubuhi amenitumia picha ya faili jipya likiwa na tarehe ya leo. Nimemuuliza kama amelifungua. Nasubiri jibu lake.