Saa ya ofa ilipoanza upya

Swali la wiki hii linauliza: "Msimu wa sikukuu ukifika, unajizuiaje usinunue usichokihitaji?" Jibu langu linaanzia kabatini kwa mama.

Mwaka jana nilimsaidia kupanga nguo zake. Rafu ya juu nikakuta zawadi zangu za miaka minne: shali tatu, mkoba, seti ya vikombe, vyote ndani ya maboksi yake, vibandiko vya bei havijabanduliwa. Hakuvidharau. Alivitunza mno, hata hakuvitumia. Nikashika shali moja, nikakumbuka nilivyoinunua: usiku, nimechoka, wiki tatu sijampigia simu. Nilikuwa natafuta msamaha, na shali ndiyo iliyokuwa karibu.

Tangu siku ile, kabla sijalipia zawadi najiuliza huyu mtu namdai au ananidai nini. Mara nyingi ananidai muda, na deni hilo halilipiki dukani.

Halafu kuna haraka. Wanaouza mtandaoni huweka saa inayohesabu kurudi nyuma. Niliwahi kujaza kikapu vitu sita, saa ikasema zimebaki dakika 14. Usingizi ukanishinda, nikaiweka simu chini. Asubuhi bei ni ileile, na saa imeanza kuhesabu upya! Niliumia sana, maana nilishalipia vitu vingi kwa kuiogopa saa kama hiyo. Siku hizi nikitamani kitu nakiandika kwenye daftari pamoja na tarehe, nakiacha wiki mbili. Vingi navikata kwa mkono wangu mwenyewe. Vingine hata sikumbuki nilivitakia nini.

Kadi ya benki nayo nimeitoa kwenye simu. Mwaka 2001 watafiti Drazen Prelec na Duncan Simester walichapisha utafiti uliohusu, pamoja na mengine, mnada wa tiketi za mpira wa kikapu: walioambiwa watalipa kwa kadi walikuwa tayari kutoa hata mara mbili ya walioambiwa watalipa taslimu. Naamini kabisa. Kuhesabu noti kunauma, na maumivu yale yananifaa. Fedha ya sikukuu naitia kwenye bahasha, ikiisha, imeisha.

Wapo wanaoadhimisha Siku ya Kutonunua Chochote, iliyoanzia Vancouver, Kanada, mwaka 1992. Nawaheshimu, ila mimi siku moja hainitoshi. Nisichonunua siku hiyo nitakinunua kesho yake, kama bado nina hatia moyoni.

Kwa watoto sijashinda. Matangazo huwafikia kabla yangu, na kila mwaka tunazungumza upya.

Mwaka huu nilimuuliza mama waziwazi anataka nini. Akaniletea kijitabu chake cha namba za simu, kimechakaa, maandishi madogo ambayo macho yake hayayaoni tena. "Niandikie upya, mwanangu, kwa herufi kubwa." Tulikaa mezani mchana kutwa. Kila namba ilikuja na habari yake: huyu walisoma pamoja, huyu alilala nasi siku tatu baba alipofariki, huyu waligombana wakapatana. Tukafika kwa rafiki yake aliyekwisha kufa. Nikataka kumruka. Mama akaweka kidole juu ya jina lile, akasema, "Na huyu muandike." Nikamuandika, kwa herufi kubwa.